Herufi Tatu Kwenye Koti la Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini shangazi alilipiga pasi koti lake jeupe, na kila asubuhi pasi ilipofika kwenye mfuko wa kifuani ilisimama. Hapo palikuwa na herufi tatu za uzi wa bluu, M.M.L. Hakuzipitishia pasi. Aliizungusha ncha ya pasi pembeni yake polepole, kama mtu anayefagia kumzunguka mtoto aliyelala sakafuni, kisha akaendelea na mikono ya koti. Ukimwambia uzi ule hauungui alisema, "Najua." Kesho yake alizunguka tena.

Herufi zile maana yake ni Mtaalamu wa Miwani mwenye Leseni. Baraza la Miwani humpa herufi hizo mtu aliyesoma, akafanya kazi miaka minne chini ya mwenye leseni, akafaulu mtihani. Juu yake kuna daktari wa macho, ambaye huangalia jicho lenyewe na kuandika namba kwenye karatasi. Chini yake kuna msaidizi, ambaye hana herufi yoyote, na haruhusiwi kumkabidhi mtu miwani ambayo mwenye leseni hajaikagua. Shangazi alikuwa hapo katikati. Alisoma karatasi ya daktari, akapima kwa rula kutoka mboni hadi mboni, akakata lenzi, akaisaga, akaipachika kwenye fremu, akaikagua. Mwisho aliweka sahihi kwenye kadi ndogo, na mbele ya sahihi akaandika zile herufi. Miwani haikutoka dukani bila kadi ile.

Wateja walimwita daktari, naye hakunyamaza hata siku moja.

"Daktari, niangalie na hili jicho linalotoa machozi."

"Daktari ni yule aliyekuandikia karatasi. Mimi nasoma karatasi."

"Haya, daktari. Nimekuelewa."

Mtaani kwetu walimwita Mama Herufi. Hakuwa na mtoto. Jina lile alilianzisha mume wake, enzi hizo shangazi akisomea mtihani kila jioni, miguu ndani ya beseni la maji ili asisinzie. Mume alisimama mlangoni akasema, "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa alfabeti." Majirani wakacheka. Mwaka uliofuata mume akaondoka, jina likabaki.

Mtihani alifeli mara mbili. Mara ya kwanza zilimshinda hesabu za lenzi. Mara ya pili lenzi ilimvunjikia mkononi mbele ya msimamizi. Mara ya tatu alifaulu, akiwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa amefanya kazi ile tangu ana kumi na tisa. Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyezitarizi herufi kwenye koti. Bibi hajui kusoma. Aliuweka ule mshahara wa miaka kumi na mitano, yaani cheti, juu ya mto, akazifuatisha herufi kama mtu anayefuatisha ua la kitambaa cha meza. Emu ya kwanza ilitoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Alitaka kuifumua, shangazi akamkatalia.

"Iache, mama. Inachechemea lakini imefika."

Kuna kitu kimoja alikifanya shangazi ambacho hakimo kwenye mtihani. Akishamaliza kupima lenzi kwenye mashine, aliigonga kwenye jino lake la mbele. Fundi aliyemfundisha kazi zamani alimwambia mashine itaharibika siku moja, na umeme utakatika, lakini jino unalo. Lenzi ya kioo ni baridi na inalia, ting. Lenzi ya plastiki ngumu haina baridi na haisemi kitu. Tofauti ile ni kubwa. Kioo kikipigwa na kitu hupasuka vipande, na vipande huingia ndani ya jicho. Plastiki ngumu hukwaruzika tu. Ndiyo maana mtu anayekata vyuma, au anayepasua mawe, au mwenye jicho moja, hapewi kioo hata kama yeye mwenyewe anakitaka.

Kisha Bibi akapata kiharusi. Upande mzima wa kushoto ulilala, akawa wa kitandani. Mtu wa namna hiyo lazima ageuzwe mara kwa mara, la sivyo anaota vidonda mgongoni, na Bibi alikuwa na mwili. Kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili. Asubuhi tulimgeuza mimi na shangazi kabla hajaondoka. Baada ya hapo Bibi alibaki amelala vile vile mpaka jioni, na vidonda vikaanza.

Tajiri wa shangazi, mwenye duka, alikuwa na maduka mawili. La kwanza lilikuwa karibu na kwetu, ndilo alilokaa shangazi. La pili lilikuwa ng'ambo ya mji, kwenye karakana nyingi, na huko alimweka binti wa kaunta ambaye alikuwa msaidizi tu. Kila duka linatakiwa liwe na mwenye leseni wake. Tajiri alitoa kopi ya rangi ya leseni ya shangazi, akaitia kwenye fremu, akaitundika kule. Miwani ya kule ililetwa kwa shangazi ikiwa ndani ya boksi, akaikagua, akaisainia, ikarudishwa.

Siku moja Tajiri alikuja nyumbani kumwona mgonjwa. Alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akamwangalia Bibi, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, huyu si mtu wa kuachwa mchana kutwa."

"Najua, tajiri."

"Basi uwe unatoka saa nane. Kila siku. Sitakuuliza na sitakukata kitu. Mama ni mama."

Shangazi alianza kumshukuru. Tajiri akainua mkono.

"Ila na wewe nisaidie. Lile duka la pili linakwama. Miwani inakaa siku tatu kwenye boksi ikikungoja wewe. Ukiondoka saa nane itakaa wiki. Nisainie kadi kabla, binti awe nazo kule. Yule binti yuko makini, umemfundisha mwenyewe."

"Nisainie kitu ambacho sijakiona?"

"Utakiona. Ukipata nafasi utapita kule, utakagua. Ni karatasi tu, dada."

Shangazi hakujibu siku ile. Alijibu baada ya siku nne, jioni, alipomfunua Bibi mgongo na kukuta kidonda kimoja kimefunguka kama mdomo.

Mwanzo zilikuwa kadi kumi. Baadaye zikawa hamsini, kila Jumapili mchana, kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha Bibi. Yeye alisaini, mimi nikazipanga. Wiki za kwanza aliandika zile herufi taratibu, kila moja imesimama. Baadaye zilianza kulala. Mwisho zikawa mstari tu wenye mawimbi. Siku moja Bibi akauliza, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja:

"Unaandika nini?"

"Kazi, mama."

"Miwani iko wapi?"

"Iko dukani."

Bibi akaangalia dari. Hakuuliza tena, si siku hiyo wala nyingine. Vidonda vyake vilianza kukauka, maana sasa saa nane na nusu shangazi alikuwa amefika na tunamgeuza. Kwenda duka la pili hakupata nafasi. Alikwenda mara moja, akakuta pamefungwa.

Miezi saba ilipita hivyo.

Mwanamke mmoja alikuja Jumatano, saa tisa mchana, tukiwa tumemshika Bibi mmoja mabegani mmoja nyongani. Alipiga hodi akaingia kabla ya kukaribishwa. Akasimama kutusubiri tumalize. Mkononi alikuwa na kitambaa kimefungwa fundo.

"Samahani mama. Namtafuta mwenye herufi hizi." Akatoa kadi. "Dukani wamenielekeza hapa."

Shangazi alifuta mikono, akaichukua. "Ni mimi. Karibu ukae."

"Nimesimama inatosha. Mume wangu ni fundi wa mageti. Alitengenezewa miwani kwenu, kule kwenye karakana."

Akafungua fundo. Ilikuwa fremu nyeusi. Upande mmoja lenzi ilikuwa nzima. Upande mwingine yalibaki meno meno pembezoni, na vipande vidogo vilikuwa chini kwenye kitambaa, vingine vina rangi ya damu.

Shangazi aliinua fremu, akailaza ile lenzi nzima kwenye jino lake, akagonga. Ting. Sote tuliisikia.

"Mbona unaing'ata?" yule mwanamke akauliza.

"Daktari aliandika plastiki ngumu?"

"Aliandika. Mume wangu alimweleza kazi yake ni ya cheche. Jiwe la kukatia chuma lilivunjika, kipande kikampiga hapa."

"Na jicho?"

"Wamelitoa jana."

Shangazi alikaa kitandani, miguuni pa Bibi. Yule mwanamke alimwangalia muda mrefu. Hakuwa amekuja kupiga kelele, nadhani alikuwa ameshazimaliza hospitali.

"Wewe ndiye uliyeikagua?"

"Sahihi ni yangu."

"Sahihi nimeiona. Nimekuuliza uliikagua?"

Shangazi aliilaza fremu juu ya kile kitambaa. Mwanamke akafunga kitambaa chake, akachukua kadi yake, akasema Baraza la Miwani wameshapata barua na kwamba watamwita. Mlangoni aligeuka akamtakia Bibi afya njema. Jambo hilo lilimchoma shangazi kuliko yote, alilitaja mara nyingi baadaye.

Tajiri alikuja kesho yake na binti wa kaunta. Binti alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Alisimulia akiangalia vidole vyake. Plastiki ngumu ilikuwa imekwisha. Fundi wa mageti alikuwa na haraka. Yeye binti akampigia Tajiri simu, Tajiri akamwambia atie kioo kizito, kinene, nani atajua.

"Sikusema 'nani atajua'," Tajiri alisema.

"Ulisema, bosi."

"Nyamaza kwanza." Akamgeukia shangazi. "Sikiliza dada. Hapa tukikosea tunaanguka wote. Utakapoulizwa, sema uliikagua na ilikuwa plastiki. Basi. Lenzi za watu zinakwaruzika, wanakwenda kwa mafundi wa barabarani wanabadilishiwa. Ni kitu cha kila siku. Nani atabisha?"

"Atabisha yule asiye na jicho."

"Yeye anajua nini kuhusu lenzi? Wewe una herufi. Atasikilizwa nani?"

Tajiri akasogeza kiti.

"Ukisema hukuikagua, leseni imekwenda. Hakuna duka litakalokuchukua kama mtaalamu. Utakuwa msaidizi na umri huo. Na saa nane hutoki tena, maana msaidizi hatoki kabla ya duka kufungwa. Mwangalie mama yako halafu uniambie."

Bibi alikuwa macho. Alikuwa akimwangalia Tajiri, si kwa hasira, kama anavyoangaliwa fundi aliyekuja kurekebisha bomba akakaa sana.

"Nimekusikia, tajiri," shangazi alisema.

Wiki tatu zile kabla ya kuitwa, shangazi aliongea kidogo. Alipiga pasi kama kawaida, akazunguka herufi kama kawaida. Kadi zilipoletwa Jumapili alizirudisha kama zilivyo. Mara moja nilimkuta ameshika cheti chake, si kukisoma, amekishika tu kwa ukingo kama anavyoshika lenzi ili asiache alama za vidole. Nikamuuliza atasema nini. Akasema, "Nikidanganya nitabaki nazo. Lakini zitakuwa zinasema nini?" Kisha akaniambia nikaangalie maji jikoni, na hapakuwa na maji.

Siku ya baraza jirani alikaa na Bibi, nikamsindikiza. Kilikuwa chumba cha ghorofa ya pili, mapazia mazito, meza ndefu na watu watatu nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imepanda kidogo upande wa kulia. Nilimwona shangazi akiiangalia ile miwani, vidole vikimwasha kuinyoosha. Tajiri alikaa mbele na wakili. Fundi wa mageti alikaa karibu na dirisha na mkewe, bandeji jichoni. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya moto, na aliiweka magotini kama vitu alivyopewa amshikie mtu.

Mwenyekiti alinyanyua kadi. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na cheo hiki, M.M.L., umekiandika wewe?"

"Ndiyo."

"Miwani hii uliikagua?"

Wakili wa Tajiri aliinamia karatasi zake. Shangazi alikuwa amevaa koti jeupe, mkono umelala juu ya mfuko wa kifuani.

"Sikuiona," akasema.

"Hukuiona vipi? Kadi ina sahihi yako."

"Nilisaini kadi tupu. Nyumbani, Jumapili. Hamsini kila wiki. Miwani hii nimeiona mara ya kwanza kwenye kitambaa cha mke wake."

Chumbani watu walijisogeza kwenye viti. Mwenyekiti akavua miwani.

"Unajua unachokisema?"

"Najua. Ningeishika mara moja tu nisingeitoa. Kioo kinajulikana hata gizani."

"Ulisainia kwa nini?"

Nilidhani atamtaja Bibi. Hakumtaja. Alisema, "Nilitaka kutoka saa nane," na wale watatu wakaandika hivyo, na ndivyo ilivyobaki kwenye karatasi zao, kama kwamba alikuwa mtu mvivu.

Hawakuchukua muda. Tajiri alipewa onyo kwa maandishi, akaambiwa duka la pili lifungwe mwezi mmoja na la kwanza litafute mwenye leseni mwingine ndani ya siku thelathini. Shangazi alifutwa kwenye daftari la wataalamu. Alipewa siku saba kuziondoa zile herufi kila mahali: kwenye kibao cha mlangoni, kwenye mhuri, kwenye mavazi. Akitumia tena ni kosa la jinai. Karani alimsomea hayo harakaharaka kama anayesoma bei za vitu.

Kwenye ngazi fundi wa mageti alimsubiri. Mkewe alimvuta mkono, hakwenda.

"Mama, umesema kweli."

"Pole sana, mwanangu."

"Hili lililobaki litahitaji miwani. Utanitengenezea?"

"Siruhusiwi kukukabidhi. Siruhusiwi tena."

Fundi akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Sasa mbona walioruhusiwa ndio walioniharibia?" Mkewe akamvuta tena, wakashuka.

Zile herufi alizifumua siku ya sita, kwa ncha ya wembe, koti likiwa kwenye magoti ya Bibi kwa sababu Bibi alisema apewe alishike. Alianza na L. Emu yenye mguu mrefu aliiacha mwisho. Uzi uliotoka aliuviringa kidoleni akautia kwenye mkebe wa vifungo. Lakini koti lilikuwa limefuliwa miaka kumi na miwili, na chini ya uzi kitambaa hakikuwa kimechujuka. M.M.L. ilionekana bado, nyeupe juu ya nyeupe, na matundu ya sindano kuizunguka. Ukisimama karibu ulisoma kila kitu.

"Zimebaki," nikasema.

"Hizo hawakusema," alijibu Bibi.

Jumatatu shangazi alirudi dukani, msaidizi. Pengine pa kwenda hapakuwapo. Alikaa kwenye kigoda kile kile, mbele ya jiwe lile lile la kusagia, akafanya kazi ile ile. Saa nane ilipofika aliiangalia saa ya ukutani akaendelea kusaga. Jirani alikuja kunisaidia kumgeuza Bibi siku mbili tatu, kisha akawa na mambo yake. Nikajaribu peke yangu kwa kumvuta na shuka. Mwisho wa mwezi kidonda cha zamani kilirudi, kikaleta na mwenzake.

Ukutani leseni ya shangazi ilitolewa ikawekwa ya mtu mwingine, mzee mstaafu. Kulikuwa na picha yake pembeni, mzee mwenye mvi na tai. Hakuwahi kufika. Wateja waliendelea kumwita shangazi daktari, na sasa hakuwarekebisha tena. Jambo hilo alinisimulia binti wa kaunta, ambaye alihamishiwa duka la kwanza wakati lile la pili limefungwa. Na yaliyobaki pia nimeyasikia kwake, maana shangazi hayasimulii.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Fundi wa mageti aliingia na karatasi ya daktari. Bandeji ilikuwa imeondolewa, upande ule kope zilikuwa zimefumba juu ya shimo. Binti alimwona akajificha nyuma ya kabati la fremu. Shangazi alimkalisha kwenye kiti, akamchukulia kipimo kwa rula, kutoka katikati ya pua hadi kwenye ile mboni moja. Kisha akapima na upande mtupu.

"Huku kuna nini cha kupima?" fundi akauliza.

"Huku naweka lenzi yenye uzito sawa. La sivyo miwani itaelemea upande mmoja, itakuchubua pua. Na watu hawataona tofauti."

"Wataona."

"Wataona kidogo."

Alimtengenezea akiwa ameketi pale pale. Binti anasema shangazi hakuwahi kusaga taratibu vile. Alizipitisha lenzi zote mbili kwenye mashine mara tatu, akazipachika, akagonga moja kwenye jino, akagonga ya pili. Kisha akaifuta, akampa fundi.

"Gonga na wewe. Kwenye jino."

Fundi aligonga. Akangoja. "Haisemi kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Siku ikisema kitu, irudishe, usiivae hata kidogo."

Fundi akaivaa, akaangalia barabarani kupitia kioo cha dirisha, akasoma kibao cha duka la ng'ambo kwa sauti, neno moja moja. Halafu akaomba kadi. Msimamizi wake alikuwa amemwambia bila kadi ya mwenye leseni haingii karakana wala hagusi mashine.

"Kadi," shangazi akasema, na akamwangalia binti.

Binti anasema hapo alitamani ardhi immeze. Alitoka nyuma ya kabati, akavuta droo ya chini. Kadi zilikuwamo, zimefungwa kwa mpira, rundo kama karata. Zote zilikuwa zimeshasainiwa na yule mzee wa picha, na mbele ya kila sahihi M.M.L. kwa wino wa bluu. Tajiri alikuwa amezileta Jumatatu.

Shangazi hakuwa ameziona kabla, kadi zilikuwa kazi ya kaunta. Alichomoa moja. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akachukua kalamu, akaandika namba za lenzi, akaandika plastiki ngumu, akaandika tarehe. Alipofika kwenye mstari wa "imekaguliwa na" kalamu ilisimama, maana mstari ule ulikuwa umejazwa. Fundi alikuwa amenyoosha mkono. Shangazi angeweza kumnyima ile kadi, na fundi angekosa kazi. Akampa.

Fundi aliisogeza karibu na jicho lake. "Huyu ni nani?"

"Sijawahi kumwona."

"Lakini umeikagua wewe."

"Mimi."

Fundi aliitazama kadi, akamtazama yeye. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema anachelewa kazini, akatoka. Miwani ilikuwa nzuri. Mpaka leo anaivaa.

Shangazi alifuta jiwe la kusagia, akaweka rula ndani ya droo yake. Chai yake ilikuwa imeletwa, aliifunika na kisahani. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akalinyoosha mabega kwa mikono miwili, na kidole akakipitisha kuzunguka ule mfuko. Binti akadhani anakwenda msalani, lakini msalani ni kwa nyuma.

"Shangazi, saa nne hii. Tajiri akiuliza niseme umekwenda wapi?"

"Mwambie imefika saa nane."

Akashuka ngazi mbili za mlangoni, akangoja gari moja lipite, akavuka. Tajiri alimtuma binti kwetu mara mbili, na mara ya tatu alikuja mwenyewe akasimama nje. Shangazi hakurudi dukani, na koti hakwenda kulichukua.